Mianzi ya Bomba, Ngumi za Shemeji

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikupita, usihuzunike sana. Ulichokosa ni jino langu moja la mbele.

Aliyeling'oa ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu. Aliling'oa mezani, chakula kikiwa bado cha moto, kwa ngumi moja ambayo hata hakuinuka kitini kuitoa. Mtaani wanamwita Kokoto. Ameponda mawe machimboni tangu utoto wake, na mkono wake umeshasahau tofauti ya jiwe na shavu la mtu.

Kosa langu ni kwamba nilimwoa dada yake yeye akiwa hayupo. Alikuwa machimbo ya mbali, hana simu, hana salamu, na watu wakaanza kunong'ona kwamba amefukiwa. Mjomba wao akapokea posa, akamtoa binti, ndoa ikafungwa. Kisha marehemu wetu akarudi na begi lake begani, akamkuta dada yake ana mume. Tangu siku hiyo ana swali moja kwangu, na hulitangulizia ngumi.

"Nani alikupa dada yangu?"

Nikijibu ni mjomba, ananipiga. Nikinyamaza, ananipiga, eti nimemdharau.

Utaniuliza, wewe mwanaume mzima, mbona hukurudisha hata kofi. Hapo ndipo shingo yangu ilipofungwa kamba. Siku ile ya jino, nikiwa natema damu kwenye beseni, mke wangu alinishika mikono yote miwili akaniapisha.

"Wazazi wetu walikufa mimi sijui hata kutembea," alisema. "Huyu alinibeba mgongoni huku anaponda kokoto. Alikula makombo ili mimi nishibe. Anakuonea, najua, na nitamwambia. Lakini siku utakayomwinulia mkono, mimi na wewe basi."

"Hata akiniua?"

"Hatakuua. Niahidi."

Nikaahidi. Nampenda mke wangu kuliko meno yangu yote yaliyobaki. Nikimkosa yeye sina nyumba, nina kuta tu.

Sasa nikuambie ya wiki hii, na kama una mtoto anayekusomea gazeti, mtume dukani kwanza.

Asubuhi nilikuta mlango wa karakana uko wazi. Karakana yetu iko nyuma ya nyumba, chumba kirefu chenye bati juu na dirisha moja lisilofungika. Humo mimi na mke wangu tunatengeneza mianzi ambayo haioti popote duniani. Tunanunua mabomba ya plastiki, ya bei ya chini kabisa, yale ambayo mafundi bomba huyadharau. Tunalipasha bomba moto kwa kichomeo cha gesi, tunalisukuma kutoka ncha zote mbili mpaka livimbe kidogo katikati, na hapo kifundo kinatokea. Tunapiga msasa, tunapaka rangi ya majani makavu, kahawia kidogo kwenye vifundo, vanishi juu. Ukimaliza, mtu ataapa mbele ya hakimu kwamba ni mwanzi. Hauliwi na wadudu, haupasuki, haumtii mtu aibu sebuleni. Adui yake ni jiko tu.

Ndani nilimkuta Kokoto ameketi juu ya ndoo ya rangi iliyofunikwa, kichwa chini, ufagio magotini.

Nikatafuta mlango kwa mgongo.

"Usikimbie, shemeji," alisema. "Nimefagia."

Kweli alikuwa amefagia. Vumbi la msasa lote lilikuwa kwenye ndoo ya taka. Mabomba ameyapanga ukutani yamesimama wima, brashi amezikosha, hata meza ameifuta. Mimi macho yangu hayakukaa sana kwenye usafi. Niliitazama mikono yake.

"Mdogo wangu jana amerudisha chakula nilichomnunulia," akasema. "Kasema hali mkate wa mtu anayempiga mumewe. Tangu azaliwe hajawahi kunikatalia chakula."

Mtu mwenye kifua kama kabati alikuwa analia bila kupangusa machozi.

"Nifundishe kazi hii. Mtu hampigi mwalimu wake."

"Nani kakwambia?"

"Mimi shuleni sikumpiga mwalimu hata siku moja. Nilipiga wanafunzi tu."

Nikacheka, pengo wazi. Na yeye akacheka. Nikamvalisha glovu, hazikumwingia, nikampa kichomeo mikono mitupu.

Bomba lake la kwanza alilisogeza karibu mno na moto. Likalegea, likainama, likalala mezani kama mlevi aliyepata kiti. La pili likatoboka. La tatu akalisukuma kwa nguvu za machimboni, kifundo kikatoka kikubwa kama goti la ngamia, naye akakiinua juu akakitazama kwa fahari, utadhani amejifungua.

Kisha akachukua mwanzi mmoja mtupu ukutani, akanichapa nao mgongoni. Ukalia bo, ukaruka.

"Hauumi?" akauliza kwa mshangao.

"Utaumaje? Ni ganda. Ndani kuna hewa."

"Basi nipige na wewe."

"Siwezi. Nimeapa."

"Nimekupiga sana, shemeji. Nipige kidogo, moyo wangu utulie."

"Niliapa kwa dada yako."

Akasikitika kweli. Kisha akajipiga mwenyewe kichwani na mwanzi ule, bo, bo, bo, huku anacheka mpaka kamasi zikamtoka.

Ndivyo mke wangu alivyotukuta. Alisimama mlangoni na mkoba wake wa kwenda kununua rangi, akatutazama mmoja baada ya mwingine. Kaka yake anajipiga kichwa kwa bomba, mume wake anashika mbavu kwa kicheko. Akageuza uso, akajipangusa na ncha ya kanga.

"Nikirudi tutakunja lile tao la saluni," alisema. "Mwanzi wake nilishaujaza mchanga jana jioni."

"Nenda, mke wangu. Tuko salama."

Alienda. Hata hatua zake nje zilikuwa nyepesi.

Mwenye saluni alitaka tao la mianzi mlangoni kwake, wateja wapite chini yake wajione malkia. Bomba tupu ukilikunja linavunjika kiuno. Ukilijaza mchanga mkavu, ukaukandamiza, ukaziba ncha zote mbili kwa vizibo vya mti, linakunjika kwa adabu. Mke wangu ndiye hodari wa kujaza. Akishindilia mchanga, bomba linakuwa gumu kama mchi wa kutwangia.

Tuliendelea na kazi, mimi na shemeji yangu, mapatano matamu. Na ukiona mambo yanakunyookea hivyo ndugu yangu, angalia nani anabisha hodi.

Alibisha jirani yetu, fundi cherehani. Ni mtu mzuri. Atakushonea suruali kwa mkopo, atakukalia na mgonjwa. Ila kinywa chake hakina kifungo, yeye ambaye kazi yake ni vifungo. Aliingia na futi yake shingoni, akamwona Kokoto ameshika kichomeo na mimi nimeshika msasa, akapiga makofi.

"Lo, jamani, wagombanao ndio wapatanao. Nami nilidhani nitashona sanda."

Tukacheka wote.

"Maana huyu mume wa dada yako alivyokuwa anakusema," akamwambia Kokoto huku anapapasa mwanzi, "mimi nilijua hapa hakuna mapatano tena."

Nilimkonyeza. Nilimkonyeza kwa macho yote mawili.

"Alinisemaje?" Kokoto akauliza, bado anatabasamu.

"Utani tu. Utani wa mashemeji."

"Mimi napenda utani. Alisemaje?"

"Aah, eti machimboni si wewe uliyeponda mawe, ni mawe yaliyokuponda wewe."

Kokoto akacheka. Nikaanza kupumua.

"Na kingine?"

"Hakuna kingine," nikadakia.

"Nimemuuliza yeye."

Fundi cherehani alitazama uso wangu, akatazama uso wa Kokoto, na akili ikamjia, lakini ilikuja imechelewa. Ulimi ulishatangulia njiani.

"Alisema afadhali ungebaki umefukiwa hukohuko."

Nilisema. Sitakudanganya. Nililisema siku ile ya jino, damu ikiwa kinywani, nikiwa nimesimama kwenye mlango wa duka lake. Mtu akikung'oa jino husemi maneno ya hotuba.

Kokoto hakupiga kelele. Aliliweka chini lile bomba alilolishika, polepole, kama kitu cha kuvunjika.

"Nilifukiwa," alisema. "Hamkuambiwa uongo. Shimo lilituangukia tukiwa tunakula. Rafiki yangu nilikuwa nimemshika mkono, akawa ananiita, kisha akaacha kuniita. Nilitoka peke yangu. Nikatembea mpaka nyumbani kumtafuta mdogo wangu, mtu pekee niliyebaki naye, nikaambiwa amepewa mtu."

"Shemeji, sikujua."

"Sasa unajua."

Ngumi ya kwanza ilinipata mbavuni nikasikia kitu ndani kimelia kama kijiti. Ya pili ilinipata sikioni, na dunia ikawa filimbi. Nilianguka juu ya meza, meza ikaanguka na mimi, kopo la kahawia likanimwagikia kifuani. Fundi cherehani alitoka mbio akaacha futi yake sakafuni.

"Shemeji, nisamehe," nilikuwa nasema. "Nisamehe."

Akaniinua kwa ukosi wa shati, akanibamiza ukutani. Akaniachia, akanibamiza tena. Kila akinibamiza mianzi iliyosimama ukutani ilitikisika ikagongana. Mikono yangu niliiweka chini. Andika hilo, msomaji, hata kama mke wangu hataliandika. Mikono yangu ilikuwa chini muda wote huo, kwa sababu niliahidi.

"Nani alikupa dada yangu?"

"Mjomba," nikasema, na kinywa kikajaa damu.

Akanikaba koo kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia ukaenda ukarudi na kichomeo cha gesi, kikiwa kinawaka, maana tulikiacha hivyo kwa furaha ya mapatano.

"Nani alikupa?"

Sikuweza kujibu. Mtu aliyekabwa hajibu. Moto ulikuja karibu na shavu langu nikasikia harufu ya ndevu zangu mwenyewe zinaungua, kisha nikasikia harufu nyingine, ya ngozi. Macho yake hayakuwa yananitazama mimi. Alikuwa anatazama kitu kilicho nyuma yangu, labda lile shimo. Nikajua huyu mtu hatanyamaza mpaka mimi ninyamaze kabisa.

Hapo ndipo akili yangu, ile kidogo iliyobaki, ikaniletea wazo. Mwanzi mtupu. Si alijipiga mwenyewe asubuhi hii hii, bo, bo, bo, akacheka? Nikimpiga na mwanzi mtupu si kumpiga. Ni kumkumbusha. Atacheka, ataniachia, na kiapo changu kitabaki kizima. Nilipeleka mkono nyuma ya kichwa, nikapapasa ukutani, nikashika wa kwanza uliokuja vidoleni, nikauvuta juu ya bega langu kuja mbele.

Katika karakana yetu kuna sheria moja. Mwanzi mtupu husimama ukutani, uliojaa mchanga hulala sakafuni. Sababu yake ni nyepesi: uliojaa ukisimama unaweza kumwangukia mtu ukamuua. Kila anayefanya kazi hii anaijua. Anayefagia kwa nia njema, hajui.

Na hapa naomba unisikilize vizuri, maana hili sijamwambia mtu. Mwanzi ule haukuja kama mwanzi mtupu. Ulikuja kwa uvivu kwanza, kisha ukaanza kuja wenyewe. Niliuhisi uzito wake. Kati ya kuuhisi na kutua kulikuwa na nafasi, ndogo, ya kupepesa jicho. Ningeweza kuusukuma pembeni. Nadhani ningeweza. Lakini shavu lilikuwa linaungua, nikauacha uende ulikokuwa unaenda.

Haukulia bo.

Kokoto aliniachia koo. Alisimama kidogo, akanitazama kama mtu anayetaka kuuliza njia, kisha magoti yakamkunjika akaanguka kifudifudi. Kizibo cha mti kilichomoka, mchanga ukaanza kumwagika mgongoni kwake. Kichomeo kilianguka juu ya gunia, gunia likashika moto. Nilikanyaga moto ule kwa viatu, kisha kwa mikono, nikikohoa, nikilia. Nilipouzima nikageuka kumtazama. Damu ilikuwa imetoka kichwani imeingia kwenye mchanga, na mchanga ulikuwa unainywa.

"Shemeji. Shemeji, amka. Kokoto."

Nikamgeuza. Anapumua. Nikavua shati nikaanza kumfunga kichwa.

Ndipo makopo ya rangi yalipoanguka mlangoni.

Mke wangu hakupiga yowe. Alikuja, akanisukuma kwa bega, akachukua kichwa cha kaka yake akakiweka mapajani, akakandamiza jeraha kwa kanga yake.

"Umemfanya nini kaka yangu?"

"Alinikaba. Alinichoma. Nilishika mwanzi mtupu, nimwogofye tu. Nilidhani ni mtupu."

Aliutazama mwanzi ule pale sakafuni. Akanyoosha mkono mmoja akainua ncha yake, akaiachia, ikaanguka kwa kishindo.

"Huu niliujaza mimi," alisema. "Niliulaza pale chini, juu ya gunia, kwa mikono yangu."

"Ulikuwa umesimama."

"Uliojaa hausimamishwi. Sheria uliiweka wewe."

"Najua. Lakini ulikuwa umesimama."

"Nani aliusimamisha?"

"Yeye. Alifagia asubuhi, akasimamisha kila kitu. Hajui kazi yetu."

Aliniinulia macho. Nimeoana na macho yale nikayajua yakiwa na hasira, yakiwa na usingizi, yakiwa na njaa. Yale ya siku hiyo sikuwa nimewahi kuyaona.

"Yaani kaka yangu alijiwekea mwenyewe mwanzi wa kumpasua kichwa."

Nilipoyasikia maneno yale kutoka kwake, hata mimi niliona ni uongo wa kitoto.

"Tazama shingo yangu basi. Tazama shavu hili."

"Naona. Na akiamka nitamwambia yake. Ila wewe uliahidi."

"Muulize jirani. Alikuwepo."

Fundi cherehani alikuwa amerudi, amesimama mlangoni na nusu ya mtaa nyuma yake. Tukamgeukia sote. Ulimi hauna mfupa, walisema waliotutangulia, lakini wa jirani yangu siku hiyo uliota mfupa.

"Mimi niliondoka mapema," alisema. "Sikuona kitu. Ngoja nikaite teksi."

Akatoweka. Nilitamani nimfuate na ule mwanzi.

Ndipo Kokoto akafumbua macho.

"Mdogo wangu," alisema.

"Nipo, kaka. Usiseme kitu."

"Mwanzi ule." Alikuwa anatafuta maneno kama mtu anayetafuta viatu gizani. "Ulikuwa umelala chini, kwenye gunia. Nilidhani umeanguka. Nikausimamisha mimi."

Nilipiga magoti. Nilitaka kumbusu miguu. Mtu huyu aliyening'oa jino, aliyenivunja ubavu, aliyenichoma ndevu, alikuwa ametumia pumzi yake ya kwanza kuniokoa. Nilimgeukia mke wangu nikiwa natabasamu kwa damu na pengo.

Mke wangu alikuwa ameanza kulia.

"Umesikia?" aliniambia. "Umesikia anavyokufunika?"

"Hanifuniki. Anasema kweli."

"Nilivunja mtungi wa watu nikiwa mdogo. Alisema ni yeye, akachapwa mpaka akazimia. Nilipoteza mbuzi wa mjomba. Alisema kamwuza yeye, akafukuzwa akalala nje siku za mvua. Hujui huyu mtu ni nani. Akiona kosa la mtu nimpendaye analibeba yeye. Sasa analibeba lako, kwa ajili yangu, na kichwa ameshapasuliwa."

"Safari hii ni kweli, mdogo wangu," Kokoto alisema.

"Kila safari unasema hivyo."

"Ni mimi. Naapa."

"Na kwa mbuzi uliapa."

Kokoto alinigeukia. Kwa mara ya kwanza tangu anijue alinitazama bila chuki, alinitazama kama mtu mwenye shida moja na mimi.

"Shemeji," alisema, "mwambie."

"Nimemwambia."

"Mwambie tena."

"Mke wangu, sikiliza," nilianza, lakini alikuwa ameshaweka kiganja juu ya midomo ya kaka yake, kwa upole, kama anavyofanya mama kwa mtoto mwenye homa. Kokoto alijaribu kukitoa. Alijaribu kuinuka, akafika nusu, akatapika mapajani kwa dada yake. Jicho lake moja likageuka likawa jeupe. Alipolala tena alianza kukoroma, koromo baya, la mtu asiyelala usingizi.

"Kaka. Kaka."

Hakujibu. Nilimtikisa bega, nikamwita kwa jina lake la mtaani, nikamwita shemeji, nikamwita ndugu yangu. Aliyejua ukweli wangu alikuwa anakoroma, na ukweli ule nusu yake tu ndiyo iliyokuwa ya kunitetea. Ile nusu nyingine, ya kupepesa jicho, nilikuwa nayo mimi kifuani. Nadhani mke wangu aliiona usoni kwangu. Ameishi na uso huu, anajua kuusoma.

Teksi ilikuja. Tulimbeba wanne, mimi nikishika miguu, ubavu ukinichoma kila hatua. Watu walinipisha njia kama mtu mwenye ugonjwa. Mwanamke mmoja akatema mate chini. Tulimlaza kiti cha nyuma, mke wangu akaingia akaketi, akakichukua tena kile kichwa mapajani.

Nilizunguka upande wa pili nikashika ukingo wa mlango niingie na mimi.

"Shuka," alisema.

"Sijaingia bado. Nisogezee kidogo, nitakaa chini."

"Nenda popote utakapo. Lakini si kwangu."

"Mke wangu, nilikuwa nakufa. Unataka ningekufa?"

Alifikiri. Naapa kwa Mungu, alilifikiria swali lile.

"Nilitaka utimize ahadi," alisema, akauvuta mlango.

Mkono wangu ulikuwa bado ukingoni. Mlango ulinibana vidole vyote vinne, nikapiga yowe ambalo hata ngumi za kaka yake hazikuwahi kulitoa kwangu. Dereva aligeuka. Mke wangu akaufungua mlango haraka, nami nikashusha pumzi, maana huyu ni mwanamke ambaye hawezi kuchinja kuku, anayeomba radhi kwa paka akimkanyaga.

Alivitazama vidole vyangu pale ukingoni. Nilikuwa bado sijavitoa, kwa maumivu havikutaka kukunjuka. Kisha akanitazama usoni, kwa utulivu kabisa, akaufunga mara ya pili.